Samaki wa Mti Waliotapika Risasi

Kila akitoka shule, Leticia alikuwa na kazi tatu kabla hajagusa daftari: kuchota maji bombani, kumchambulia bibi yake mboga, na kuziba matumbo ya samaki. Kazi hiyo ya tatu ndiyo iliyowashangaza wageni wa mtaa wa Mfaranyaki, kwa sababu samaki wenyewe walikuwa wa mti.

Mchongaji alikuwa babu yake, Mzee Polikarp, seremala wa siku nyingi pale Songea. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, biashara zimefunguliwa, na maduka ya mjini yameanza kufurika vitu kutoka nje. Watu walinunua viti vya plastiki na kumpita seremala bila hata kumsalimia vizuri. Mzee Polikarp hakukaa kulia. Alichukua mabaki ya mbao, akachonga samaki wenye urefu wa kiganja, akawafunga ndoano na kuwauzia wavuvi wa Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa. Mvuvi humfunga samaki huyo kwenye mshipi na kumkokota nyuma ya mtumbwi. Mbasa, samaki mkubwa wa ziwani, akimwona anacheza majini hudhani ni chakula, na jioni anajikuta yeye ndiye chakula.

Lakini samaki wa mti bila uzito ni kipande cha kuni. Kwa hiyo Babu alitoboa tundu chini ya tumbo la kila samaki, akamimina humo risasi iliyoyeyushwa, ile metali nzito ya kijivu. Kuyeyusha alikufanya mwenyewe, mwisho kabisa wa uwanja, huku akiwafukuza watoto kwa sauti kubwa, maana moshi wa risasi ni sumu. Risasi ikishapoa, samaki aliwekwa kwenye karai la maji. Akilala ubavu, aliongezewa vipande vidogo vya risasi mpaka akae wima kama samaki mwenye heshima zake. Kisha alipandishwa kwenye dari la jikoni, yaani zile fito zilizo juu ya mafiga, akakaushwa na moshi kwa siku tatu. Mwisho Leticia alijaza mdomo wa tundu kwa nta ya nyuki iliyopikwa na ulimbo, akaikandamiza kwa kidole gumba. Nta hiyo ndiyo iliyoshika kila kitu, kwa sababu risasi ikipoa husinyaa kidogo, na bila kifuniko kizuri hucheza ndani ya tundu hadi itoke.

Leticia alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na kazi yake aliijua. Tatizo lilikuwa masizi. Dari lile lilikuwa na masizi ya tangu bibi yake, Bibi Walburga, alipoolewa. Samaki walishuka weusi, na wa kuwafuta alikuwa Leticia. Masizi yaliingia chini ya kucha, yakakaa humo kama yamelipa kodi.

Ijumaa moja asubuhi, siku ya ukaguzi wa usafi, mwalimu wa zamu alikuwa Mwalimu Tumpe, mama mrefu aliyehamishiwa Songea kutoka Tukuyu mwaka ule. Alimshika Leticia mikono, akaigeuza, akauliza mbele ya mstari mzima, "Leticia, wewe unasoma au unachoma mkaa?"

Shule nzima ikacheka. Leticia akaadhibiwa kufagia uwanja peke yake wakati wenzake wako darasani. Kilichomuuma zaidi ni kwamba kwenye mstari wa darasa la saba alimwona Brayson, mtoto wa mwalimu huyo, ameinamisha kichwa huku mabega yanatikisika. Leticia aliamini kwamba anacheka. Huenda alikuwa anakohoa, lakini aliyeaibishwa hana subira ya kuuliza.

Na Brayson hakuwa mtu wa mbali. Yeye na mama yake walipanga nyumba ya pili kutoka kwa Babu, na kila jioni alikuja karakana kupaka rangi macho ya samaki. Babu alimpenda. "Huyu kijana mkono wake umetulia," alisema kila mara. Leticia alikuwa ameziba mamia ya matumbo na hakuna siku aliyosikia kwamba mkono wake umetulia.

Jumatatu iliyofuata Babu alimkabidhi samaki kumi na wawili waliotoka kwenye karai. "Mchumba, wapandishe darini," alisema, maana ndivyo alivyomtania mjukuu wake siku zote.

Leticia aliingia jikoni, akatazama fito, akatazama masizi, akatazama kucha zake alizozisugua kwa jiwe mpaka vidole vikauma. "Hapana. Leo hapana," alijisemea. Akawafunga samaki kwenye khanga kuukuu na kuwasukuma chini ya kitanda chake. Siku ya tatu aliwapapasa, akaona wakavu kabisa kwa nje. Akawaziba kwa nta.

"Wamekaa darini siku tatu?" Babu aliuliza.

"Wamekaa, Babu."

Uongo ulitoka laini, hata yeye mwenyewe akashangaa. Samaki wakapakwa rangi, wakachukuliwa na Beda, mvuvi wa Mbamba Bay aliyekuwa mteja wa Babu kwa miaka minne. Leticia akayasahau yote hayo.

Wiki tatu baadaye, siku ya Jumamosi, Beda alirudi amekunja uso, na kikapu mkononi.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina," Babu alijibu. "Karibu. Habari za ziwa?"

"Shikamoo, Mzee. Ziwa ni zima. Wagonjwa ni hawa."

Akamimina kikapu juu ya meza ya seremala. Samaki kumi na wawili walianguka wakilia kama maganda matupu. Babu alimwokota mmoja, akamgeuza. Tundu lilikuwa wazi. Nta hakuna, risasi hakuna. Wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu, vivyo hivyo.

"Mzee Polikarp, miaka minne nakuamini," Beda alisema. "Safari hii umetujazia hewa? Wenzangu wananicheka kule, wanasema nimewaletea vinyago. Sasa hivi sokoni kuna samaki wa plastiki kutoka nje, wanang'aa, na wenzangu wanawataka hao. Nimewaomba nafasi moja tu. Jumamosi ijayo lori linarudi Mbamba Bay. Nipe ishirini. Na hao wakitapika risasi, usinilaumu."

Babu alibaki na samaki mkononi. Kwa miaka mingi sifa ya Mzee Polikarp ilikuwa kwamba kitu chake hakirudi. Leo kimerudi, tena mbele ya majirani.

Jioni ile chakula kililiwa kwa kushuku. Bibi Walburga alianza hata kabla ya ugali kupoa. "Mimi namshuku huyo huyo Beda. Kazinyofoa risasi mwenyewe akawauzie wenye magobore, halafu anakuja hapa kununa."

"Beda ninamjua," Babu alisema. "Labda yule mwenye duka la plastiki. Siku ile alipita hapa akasimama muda mrefu mno. Alikuwa anatafuta nini?"

"Alikuwa anasubiri mvua ipite," Bibi alisema.

"Mvua! Yeye hana duka la kujikinga?"

Leticia alitafuna polepole. Moyoni alikuwa na jina jingine. Alikumbuka kwamba Brayson alikuwa na kopo kuukuu la mafuta ya kujipaka, na kwamba kopo hilo lililia "ng'a, ng'a" kila alipotembea. Akakumbuka kwamba mara mbili alipoingia karakana ghafla, Brayson alilificha mfukoni. Kwa nini afiche? Kadiri alivyowaza ndivyo alivyoona mambo mengine. Kwa nini alifika mapema hivyo? Kwa nini siku ile aliuliza nta inawekwa wapi? Mtu akishaamua nani mwizi, hata namna anavyokunywa maji huonekana ya kiwizi.

Kesho yake, Jumapili mchana, alikuwa kwenye foleni ya bomba na rafiki yake Chiku.

"Mimi simtaji mtu," Leticia alisema kwa sauti ya chini. "Ila kuna mtu anakuja kwa Babu kila jioni na kopo linalolia. Na risasi za Babu zimepotea."

Chiku alitoa macho. "Mtoto wa mwalimu?"

"Nimesema simtaji mtu."

"Haya, hujamtaja," Chiku alijibu, na ndoo yake ilikuwa haijajaa alipoanza kugeuka kumtafuta wa kumwambia.

Jumatatu shuleni, wavulana walimzunguka Brayson wakipapasa mifuko ya kaptula yake. "Wewe, Risasi! Kilo shilingi ngapi?" Brayson aliwasukuma, akaondoka. Jioni alikuja karakana kama kawaida, lakini hakuongea na mtu. Leticia akaona hata huko kunyamaza ni ushahidi.

Jumanne Brayson alitoka kwenda kuosha brashi, akaacha kopo juu ya benchi. Leticia alilifungua. Ndani kulikuwa na vipande vya risasi, vidogo kama punje za mahindi, vimejaa hadi nusu. Aliingiwa na hofu, na furaha pia, tuseme ukweli. Akalipeleka kopo kwa Babu mbio.

Babu alilimimina kopo kiganjani, akamsubiri Brayson arudi.

"Hii nini, Brayson?"

Brayson alimtazama Leticia kwanza, kisha Babu. "Ni matone yanayodondoka chini ukimimina, Babu. Yakishapoa nachekecha mchanga nayapata. Nataka kutengeneza samaki wangu mwenyewe nikavue mtoni Ruhila."

"Ukaniomba?"

"Sikuomba. Nilidhani yaliyo mchangani si kitu."

Babu alivuta pumzi. Alitaka kumwamini, ilionekana usoni, lakini samaki kumi na wawili watupu walikuwa pale pale mezani wanamkodolea macho. "Sikuiti mwizi," alisema mwishowe. "Ila kaa nyumbani kwanza, mpaka nijue risasi zangu zilikwenda wapi."

Brayson aliweka brashi mahali pake, akafuta mikono kwenye kaptula. "Hata wewe, Babu," alisema, akaondoka.

Leticia alitegemea kufurahi. Alifurahi kweli, kama dakika tano hivi. Baadaye aliona karakana imekuwa kubwa na kimya, na Babu akachonga bila kumtania hata mara moja.

Jioni ile ile samaki ishirini wa Beda walitoka kwenye karai. Babu aliwahesabu mara mbili. "Wapandishe darini, Leticia." Hakusema mchumba.

Dari lilikuwa limejaa mahindi ya mbegu ya Bibi. Ili samaki wote ishirini wapate nafasi, ilibidi apande juu ya kinu, asukume mahindi hadi mwisho, mikono izame kwenye masizi mpaka viwiko. Ukaguzi ulikuwa Ijumaa. Masizi ya Jumanne, alijua, hukaa mpaka Jumapili. Basi akapanga samaki wanane ukingoni, pale mkono ulipofika bila taabu. Kumi na wawili akawarudisha kule kule chini ya kitanda. Wala hakuona vibaya. Kwake yeye mwizi alikuwa ameshapatikana, tena alikuwa amefungiwa nje.

Ijumaa ukaguzi ulipita salama. Jioni Leticia aliwaziba wote ishirini huku Babu amekaa karibu, macho kwenye kila tundu. Alipomaliza, Babu alisema, "Safari hii samaki wangu hawaondoki bila mtihani." Akajaza maji pipa la jikoni, akawatumbukiza wote, akafunika pipa. Akafunga mlango wa jiko kwa kufuli, na ufunguo akautundika shingoni pamoja na rozari.

Asubuhi ya Jumamosi alifungua mwenyewe. Leticia na Bibi walisimama nyuma yake. Kifuniko kilipoinuliwa, nta ilikuwa inaelea juu ya maji, vipande vipande. Samaki kadhaa walikuwa wamelala ubavu. Babu alizamisha mkono hadi chini ya pipa na kuutoa umejaa risasi.

"Yesu na Maria!" Bibi Walburga alishika kichwa. "Hapa kuna mkono wa mtu!"

Babu akawapanga chini. Kumi na wawili walikuwa wamefunguka. Wanane walikuwa wazima. Uso wake ulibadilika rangi. "Hakuna aliyeingia humu. Kwa hiyo ni nta. Nta ilikuwa mezani wiki nzima. Yule mtoto aliondoka Jumanne amekasirika, atakuwa ametia mafuta kwenye nta yangu kabla hajatoka."

"Si nilisema mkono wa mtu?" Bibi alidakia, ingawa mtu wake alikuwa Beda.

"Beda anafika saa sita. Nitamwambia nini? Leo nakwenda kwa Mwalimu Tumpe. Mzazi lazima ajue mwanawe anafanya nini." Babu aliingia chumbani kuchukua koti, lile la kanisani.

Leticia alibaki amechuchumaa mbele ya samaki. Jambo moja lilikuwa linamsumbua. Nta ilikuwa sufuria moja, ya wote ishirini. Ingekuwa na mafuta, mbona wanane wameshika? Akamwinua mmoja wa wale wazima, akamnusa. Pamoja na kulala majini, alinuka moshi. Wa pili alinuka moshi. Aliwanusa wote wanane, na wote walikuwa wa dari. Kisha akamnusa mmoja wa waliofunguka. Alinuka maji na mti mbichi tu. Wanane. Yeye ndiye aliyewahesabu wanane pale ukingoni.

Sasa alielewa. Chini ya kitanda samaki walikauka nje, ndani ya tundu bado mna maji ya karai, na nta haishiki mti wenye maji. Hata wale kumi na wawili wa kwanza hawakuibiwa kitu. Risasi zao zilikuwa chini ya Ziwa Nyasa, zimezama zenyewe.

Tena hakuna aliyejua. Angeweza kunyamaza, awakaushe vizuri wale kumi na wawili, awazibe upya, mambo yaishe. Babu angeendelea kumheshimu. Wa kulipa angekuwa Brayson peke yake, na Brayson alishazoea kuitwa Risasi. Leticia alikuwa bado akiwaza hivyo. Alisikia lango la miti likilia. Babu alikuwa anatoka.

"Babu! Babu, subiri!"

Mzee aligeuka. Leticia alimkimbilia, samaki bado mkononi. "Si Brayson, Babu. Ni mimi. Sikuwapandisha darini."

"Hukuwapandisha samaki gani?"

"Hao kumi na wawili. Niliwaweka chini ya kitanda. Hao wanane tu ndio walikaa darini. Wanuse, Babu. Wanuse!"

Babu alimnusa yule samaki, akamtazama mjukuu wake. "Na wale wa kwanza?"

"Nao pia. Uliponiuliza nilikudanganya."

"Kwa nini, mwanangu?"

Leticia alinyoosha vidole. "Masizi. Mwalimu alifanya watu wanicheke. Sikutaka tena."

Babu aliketi juu ya gogo lililokuwa kando ya lango. Mzee alivua kofia, akaikunja, akaikunjua.

"Nimemfukuza mtoto wa watu kwa ajili ya kucha," alisema. "Na leo nilikuwa nakwenda kumwaibisha mama yake."

Beda alipofika saa sita, Babu hakuzunguka. Alimsimamisha Leticia pembeni yake, akaeleza yote kama yalivyokuwa, akamwonyesha pipa. Beda aliwageuza wale wanane mmoja mmoja, akawabonyeza nta kwa ukucha.

"Hawa wamelala majini usiku kucha?"

"Usiku kucha."

"Basi nawachukua. Hao wengine watanifuata na lori la wiki ijayo, wakiwa wananuka moshi." Aliwafunga kwenye kitambaa. "Wenzangu nitawaambia kosa lilikuwa nini. Afadhali hapa, Mzee. Wa plastiki akiharibika, sijui hata nimuulize nani."

Baada ya hapo Babu alivaa tena koti lake, na safari hii wakaenda wote wawili. Mwalimu Tumpe alikuwa barazani anasahihisha madaftari. Brayson alikuwa kwenye ngazi anachonga kijiti, akawaona, akainuka aingie ndani.

"Brayson, usiondoke," Leticia alisema. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibuni. Kuna nini?"

Leticia akasema. Alianza na khanga kuukuu, akamalizia na kopo alilolifungua. Sauti ilimpotea mara mbili, na mara mbili Babu hakumsaidia. Mwalimu Tumpe aliweka kalamu chini.

"Kwa hiyo ndiyo maana mwanangu hali vizuri wiki nzima. Mimi nilidhani ni malaria." Akamkazia macho. "Uliwaambia watu wangapi?"

"Mmoja tu, Mwalimu. Chiku."

"Chiku tu!" Mwalimu alicheka cheko lisilo na raha. "Ungesema umewaambia Songea nzima ningekuelewa upesi." Akasukuma madaftari kando. "Na mimi nina langu. Siku ile ya kucha sikukuuliza masizi yametoka wapi. Nilitaka mstari ucheke. Mwalimu hafanyi hivyo, na nimekosa. Lakini kosa langu halikukupa ruhusa ya kumpaka mwenzako tope."

"Ndiyo, Mwalimu. Brayson, naomba unisamehe."

Brayson alikata kijiti chake vipande viwili. "Ile Ijumaa nilicheka," alisema. "Kidogo. Na zile risasi za mchangani nilipaswa kuziomba." Kisha akaongeza, "Lakini wewe ulifungua kopo langu."

"Nilifungua."

"Usirudie."

Jumapili baada ya misa, foleni ya bomba ilikuwa ndefu hadi barabarani. Leticia aliweka ndoo chini. Miguu ilitaka kurudi nyumbani, ila akaikataza. "Jamani, naomba mnisikilize," alisema. "Brayson hakuiba risasi za Babu. Risasi hazikuibwa na mtu. Niliharibu mimi, kisha nikamsingizia."

Mama mmoja akauliza, "Mbona sisi tulisikia amekamatwa nazo?"

"Mlisikia kutoka kwangu, mama. Nilisema uongo."

Chiku alimvuta mkono, uso umemwiva. "Mbona unanitia aibu mbele za watu?"

"Aibu ni yangu," Leticia alimjibu. "Wewe nakuomba tu uyapeleke haya kule kote ulikoyapeleka yale."

Jumatatu jioni Brayson alirudi karakana. Alisimama mlangoni mpaka Babu alipomsogezea kigoda.

"Kabla hujashika brashi," Babu alisema, "nina neno. Mimi ni mtu mzima, na nilikuambia ukae nyumbani bila kupima jambo. Naomba radhi."

Brayson aliinama. Hakuzoea kuombwa radhi na wazee. "Yameisha, Babu."

"Hayajaisha, maana hatujajifunza." Babu aliwatazama wote wawili. "Kitu kikipotea, lazima mtu ashuku. Asiyeshuku ataibiwa hadi mlango. Lakini angalieni sisi tulivyofanya. Bibi yenu alimshuku Beda. Beda alinishuku mimi. Mimi nikamshuku mwenye duka, kisha Brayson. Leticia akamshuku Brayson. Nyumba nzima inashuku, na hakuna hata mmoja aliyesema, ngoja kwanza niangalie mikono yangu mwenyewe. Ukitaka kumtafuta mkosaji, anza hapo. Ukiona wewe ni safi, ndipo utoke nje kwa wengine."

Leticia aliitikia kwa kichwa. Brayson alichovya brashi kwenye rangi, akasita.

"Wengine bado wananiita Risasi," alisema. "Leo wameniita mara tatu."

"Wakikuita nami nipo, nitawaambia," Leticia alisema.

"Umesikia, Leticia?" Babu aliuliza, na sauti yake haikuwa kali. "Tundu la samaki unaliziba siku moja na linashika. Jina la mwenzako ulilolitoboa utaliziba leo, na kesho, na keshokutwa, mpaka lishike. Hiyo ndiyo kazi ya aliyelitoboa."

Kesho yake asubuhi Leticia alimpitia Brayson nyumbani kwao, wakaenda shule pamoja.